Kuuza, kununua na kurithi bunduki kihalali Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Mtwara na Lindi wanaomiliki bunduki kwa leseni, wanaotaka kununua bunduki ya jirani au ya ndugu, au waliojikuta na silaha ndani ya nyumba bila kuitafuta. Mimi si wakili wala askari. Nimemiliki shotigani kwa leseni kwa miaka mingi nikiwa Nachingwea, nimeiuza, na nimewahi kusimamia mirathi ambayo ndani yake kulikuwa na bunduki. Maswali yaliyomo humu ndiyo ambayo watu huniuliza shambani, msibani na kwenye minada ya korosho, na nimeyajibu kwa uzito uleule ninaowajibu wao.

Je, mtu binafsi anaruhusiwa kumuuzia mwenzake bunduki yake?

Bunduki haiuzwi kama baiskeli. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, silaha haihami kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa makubaliano ya watu wawili peke yao. Yupo mtu wa tatu, ambaye ni Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi, na mpaka atakapoidhinisha uhamisho huo, bunduki inabaki kuwa ya aliyeandikwa kwenye leseni hata kama fedha zimehesabiwa, mashahidi wametia saini na mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Ukilishika jambo hilo moja, maswali mengi yanayofuata utaweza kuyajibu mwenyewe.

Bunduki yangu ina leseni halali. Kwa nini nisimkabidhi mnunuzi bunduki pamoja na leseni yake?

Kwa sababu leseni si ya bunduki kama kadi ilivyo ya pikipiki. Leseni inamtaja mtu mmoja, ambaye amechunguzwa na kukubaliwa, na inataja silaha moja yenye namba yake. Ukimpa mwingine karatasi hiyo umempa karatasi isiyomkinga kwa lolote, na siku atakaposimamishwa barabarani pale Mingoyo atakuwa mtu mwenye silaha bila leseni.

Watu wengi hawajui uzito wa kosa hilo. Kumiliki silaha bila leseni kumo kwenye orodha ya makosa ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na anayetiwa hatiani hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mkulima aliyenunua bunduki ya jirani kwa nia njema ya kufukuza nguruwe anaweza kusimama kizimbani kwa kifungu kilekile anachosomewa jambazi. Nawe uliyemuuzia huwi salama, kwa kuwa namba ya silaha ikisomwa, kumbukumbu zitawaleta askari mlangoni kwako, na itakubidi ueleze bunduki uliyokabidhiwa na serikali uitunze ilifikaje huko.

Mnunuzi aanzie wapi?

Aanzie kwao, kabla ya kuulizia bei. Maombi ya kumiliki silaha huanzia serikali ya kijiji au mtaa, ambako watu wanamfahamu mwombaji kwa tabia yake, yakapanda kwenye kata, kisha kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, halafu mkoa, na mwisho kwa Msajili. Njiani huchukuliwa alama za vidole, huulizwa kama amewahi kutiwa hatiani, na hutakiwa aeleze sababu ya kutaka silaha na mahali atakapoihifadhi. Sheria ya mwaka 2015 inadai pia cheti cha umahiri, yaani uthibitisho kwamba mtu huyo anajua kuitumia na kuitunza.

Safari hiyo ni ndefu, na wapo wanaoilalamikia. Mimi naitetea hatua ya kwanza kuliko zote. Askari wa wilayani ataona rekodi. Mwenyekiti wa kitongoji na majirani ndio wanaojua kwamba mwombaji humpiga mkewe akilewa, au kwamba ana ugomvi wa mpaka wa shamba na kaka yake uliokwishafikia kutishiana panga. Ukiombwa maoni kwenye kikao cha namna hiyo, sema ukweli hata kama mwombaji ni jamaa yako.

Wakati tunasubiri majibu, mnunuzi anaweza kukaa na bunduki?

Hapana, hata kwa usiku mmoja. Bunduki inakaa kwa mwenye leseni, kwenye kabati lake lenye kufuli, mpaka idhini ipatikane na makabidhiano yafanyike mbele ya polisi. Endapo muuzaji hana tena mahali salama pa kuihifadhi, labda kwa kuwa anahama au nyumba imebomolewa na mvua, aipeleke kituo cha polisi ikahifadhiwe na adai hati ya kupokelewa yenye namba ya silaha, tarehe na jina la aliyepokea.

Na fedha je? Nilipe kabla au baada?

Usilipe bei yote kabla ya idhini, kwa kuwa maombi yanaweza kukataliwa na muuzaji akawa ameshalipia ada ya shule. Watu waangalifu huandikiana mkataba mfupi unaotaja aina ya silaha, namba yake, bei, kiasi cha utangulizi kilicholipwa, na sharti kwamba maombi yakikataliwa utangulizi unarudishwa kabla ya tarehe fulani. Mkataba huo hauhamishi umiliki. Unalinda fedha tu. Lipa kwa benki au kwa simu ili ibaki kumbukumbu, na jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri liwe lilelile lililopo kwenye leseni.

Ningependa pia kuwaonya wanaokutana na fedha taslimu. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza Tandahimba, Newala na Masasi, kila mtu anajua nani kalipwa. Mtu anayekuambia uje na fedha mkononi, peke yako, jioni, mahali pasipo na watu, ili akuoneshe bunduki, anakuita uende bila ulinzi mbele ya mtu mwenye silaha. Usiende.

Nitajuaje kama bunduki ninayooneshwa si ya wizi?

Iombe leseni kwanza, kisha uisome namba iliyochongwa kwenye chuma na kuilinganisha na ya kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyosuguliwa kwa tupa, iliyochomelewa juu yake, au iliyopigwa upya kwa herufi zisizolingana ukubwa, ni sababu ya kuondoka hapohapo na kutoa taarifa. Linganisha pia aina ya silaha na kipimo cha risasi, maana wapo waliokuwa na leseni ya bunduki moja wakaitumia kufunika nyingine.

Muulize muuzaji kama silaha ilipitia uhakiki wa mwaka 2016, wakati wamiliki nchi nzima walipotakiwa kuzipeleka silaha zao polisi zikaguliwe. Bunduki ya siku nyingi ambayo mwenyewe hakuipeleka inahitaji maelezo, na maelezo hayo ayatoe kwa polisi, sio kwako. Juu ya yote hayo, polisi ndio wenye daftari. Uchunguzi wa macho yako ni wa kukuepusha kupoteza muda. Hauwezi kuchukua nafasi ya daftari hilo.

Nikiwa naikagua, nifanye nini ili isimdhuru mtu?

Ichukulie kwamba ina risasi hata kama umeapiwa kuwa haina. Mwenye leseni ndiye aiondoe risasi kabla ya kuileta mbele yako, na aifanye kazi hiyo nje, mtutu ukielekezwa ardhini mahali pasipo na mawe. Magazini, yaani kisanduku kinachobeba risasi, hutolewa kwanza, ndipo chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, hufunguliwa. Anayefungua chemba kabla ya kutoa magazini anaiondoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha anajiridhisha kwamba silaha ni tupu wakati ndiyo kwanza imejazwa. Ikishafunguliwa, tazama ndani ya chemba kwa macho, na kwenye giza pitisha kidole. Shotigani inayokunjwa katikati ibaki imekunjwa muda wote wa mazungumzo, kwa kuwa kila aliyepo ataona kwamba haiwezi kulia.

Kidole kikae nje ya kifyatulio. Usimruhusu mtu aijaribu kwa kumlenga mwenzake kwa mzaha, wala kupiga risasi ya majaribio nyuma ya nyumba. Watoto wapelekwe kwa jirani. Nimewahi kuona watu wazima, wenye heshima zao, wakipokezana bunduki kibarazani kama wanavyopokezana kikombe cha kahawa, mtutu ukipita kwenye matumbo ya wote waliokaa. Siku ile haikulia, na hakuna aliyekuwa amehakikisha.

Bunduki za huku nyingi ni kuukuu. Nitazame kasoro gani?

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu leseni inaweza kuwa safi kabisa na bunduki yenyewe ikamkata mtu mkono.

Adui wa kwanza ni chumvi. Bunduki iliyokaa Mikindani, Kilwa Masoko au Lindi mjini, karibu na bahari, hupata kutu ya ndani ambayo kwa nje haionekani, hasa ikiwa mwenyewe alikuwa akiifuta kwa kitambaa cha mafuta upande wa nje tu. Ikiwa imefunguliwa na ni tupu, elekeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga na uchungulie ndani kutoka upande wa chemba. Mtutu mzuri unang'aa ukiwa na duara safi hadi mwisho. Vishimo vya kutu karibu na chemba ni vibaya kuliko vya mbele, kwa kuwa hapo ndipo shinikizo la baruti huwa kubwa zaidi.

Adui wa pili ni uvimbe. Pitisha vidole taratibu juu ya mtutu mzima, na ukihisi mahali pamevimba kama pete, ujue kwamba siku moja ilipigwa ikiwa imezibwa na kitu, chuma kikatanuka. Mtutu wa namna hiyo haufai tena. Vizibo vyenyewe huwa vya kawaida sana: udongo wa shambani ulioingia pale bunduki ilipoegemezwa chini, kitambaa cha kusafishia kilichosahauliwa, au kiota cha nyigu. Bunduki ya kwenye ile mirathi niliyoisimamia ilikuwa imekaa mwaka mmoja nyuma ya kabati, na nyigu walikuwa wamefinyanga udongo ndani ya mtutu ukawa mgumu kama tofali. Angeipiga mtu bila kuchungulia, leo ningekuwa nasimulia msiba wa pili.

Kitako chenye ufa karibu na kishikio kinaweza kuvunjika wakati wa teke la nyuma. Shotigani inayocheza kama mlango uliolegea bawaba, hata baada ya kufungwa, imechakaa mahali panaposhikilia chemba, nayo ipelekwe kwa fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. Fundi anayechomelea milango na vitanda, hata awe hodari namna gani, asiiguse.

Jambo la mwisho ni kulinganisha risasi na bunduki. Shotigani nyingi ni za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu huwa mwembamba), lakini geji 20 zipo, na ganda la geji 20, likiwa jembamba, likiingizwa kimakosa kwenye mtutu wa geji 12 huteleza likapita chemba na kukwama mbele yake. Mpigaji akifungua huona chemba tupu, hudhani alisahau kuweka risasi, huweka ya geji 12 nyuma ya ile iliyokwama, na anapofyatua mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono unaoushika. Ndiyo sababu watengenezaji hulitia ganda la geji 20 rangi ya njano. Urefu nao una maana: chemba ya milimita 70 haifai kupokea ganda la milimita 76 hata kama linaingia, kwa kuwa ganda hilo likifunguka halipati nafasi yake na shinikizo hupanda kupita kiasi. Vipimo hivyo kwa kawaida huchongwa kwenye mtutu. Visome, na visipokuwepo, fundi avipime.

Muuzaji ananiongezea risasi alizobakiza. Nizipokee?

Usizipokee nje ya utaratibu. Risasi zina masharti yake kwenye leseni, pamoja na idadi, na hununuliwa kwa muuzaji aliyeidhinishwa ambaye huandika kila anachotoa. Zilizobaki zikabidhiwe polisi pamoja na silaha ili zihesabiwe. Risasi zilizokaa miaka mingi kwenye unyevu, zenye ukungu wa kijani kwenye shaba au ganda lililovimba, zinaweza kuchelewa kulipuka baada ya kufyatuliwa, na mtu huifungua bunduki akidhani zimekufa. Usizichome moto wala kuzitupa chooni au baharini.

Nimekubaliwa. Niisafirishe vipi kutoka Liwale hadi Mtwara?

Iwe tupu, ndani ya mfuko uliofungwa, risasi zikiwa kwenye chombo kingine, na leseni mpya yenye jina lako iwe mfukoni mwako. Toa taarifa kituo cha polisi unakotoka na unakofika, na uulize pale kituoni namna watakayotaka uisafirishe. Usiikabidhi kwa utingo aiweke kwenye buti la basi, usiitume kama kifurushi, na usiibebe waziwazi kwenye bodaboda. Ukisimamishwa, sema mapema na kwa utulivu kwamba una silaha na leseni, mikono yako ikionekana, na usubiri kuelekezwa kabla ya kuigusa.

Baba amefariki na ameacha bunduki yenye leseni. Inakuwa ya nani?

Kwa sasa si ya yeyote kati yenu. Leseni ilikuwa ya marehemu, na haitembei na damu. Mnachotakiwa kufanya, mapema iwezekanavyo na kabla ya watu wa matanga kutawanyika, ni kutoa taarifa polisi na kuipeleka silaha ikahifadhiwe huko. Ni bora zaidi polisi waifuate nyumbani kuliko kijana asiye na leseni kuibeba mjini. Dai hati ya kupokelewa, kwa sababu silaha bado ina thamani na ni sehemu ya mirathi.

Baada ya hapo mambo huenda kwa hatua zake. Ukoo unakaa kikao, muhtasari na cheti cha kifo vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi anateuliwa, naye ndiye mwenye mamlaka ya kuamua pamoja na warithi kama bunduki itaombewa leseni na mmoja wao, itauzwa kwa mtu aliyeidhinishwa, au itaachwa mikononi mwa serikali. Mrithi anayeitaka anaomba kama mwombaji mwingine yeyote, kuanzia kijijini. Akikataliwa, kukataliwa huko hakumnyang'anyi thamani yake, kwa kuwa bado inaweza kuuzwa kwa aliyekubaliwa na fedha zikagawanywa.

Huku kwetu kuna jambo linalohitaji kusemwa waziwazi. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpwa amekuwa na sauti kubwa kwenye mali ya mjomba wake. Nimeona kikao cha arobaini ambapo mpwa aliinuka, akaichukua bunduki ya mjomba mbele ya watoto wa marehemu, akitimiza kwa dhati kabisa kile alichofundishwa kuwa ni wajibu wake. Hakuwa mwizi, na hakuna aliyemwona hivyo. Lakini alitoka mlangoni akiwa na silaha bila leseni, na wazee waliompa baraka hawakuwa na uwezo wa kumlinda. Mila inaweza kuamua nani arithi kiti, shoka, hata jina. Bunduki iondolewe kwenye orodha ya vitu vya kugawa siku ya arobaini, na mzee wa ukoo aliseme hilo mapema ili mpwa asijione amedhalilishwa.

Tumekuta gobore la babu darini. Tunaweza kuliuza, au kulihifadhi kama kumbukumbu?

Hamwezi kufanya lolote kati ya hayo kimyakimya. Magobore yamekuwa mikononi mwa watu wa kusini tangu kabla ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Nandete katika milima ya Matumbi mwaka 1905, na naelewa vizuri kwa nini familia inaliona gobore kama sehemu ya historia yake. Mahakama hulihesabu kuwa silaha, na watu wamefungwa kwa ajili ya gobore kama wanavyofungwa kwa ajili ya bastola.

Msilishushe darini. Gobore hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na lililoshindiliwa miaka 30 iliyopita linaweza kulipuka leo likigongwa au likiwekwa karibu na moto, kwa kuwa baruti iliyobaki kavu haifi kwa uzee. Mengi yametengenezwa kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kuhimili mlipuko. Mwacheni mtu mmoja mzima alinde chumba, na wengine wamwendee mwenyekiti wa kijiji na polisi kata ili waje kulichukua wao.

Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, mojawapo kikiwa cha Septemba na Oktoba 2023. Kipindi kikitangazwa, kitumieni. Kisipokuwepo, bado kutoa taarifa wenyewe, mara tu mlipoligundua, mbele ya kiongozi wa kijiji, kuna tofauti kubwa na kukutwa nalo. Mwenye wasiwasi aanze kwa wakili au kwa wasaidizi wa kisheria waliopo kwenye wilaya, lakini asikae na wasiwasi huo miezi sita.

Nimeambiwa kuna bunduki ya bei rahisi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Ina ubaya gani?

Ina ubaya wote. Machafuko ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, yalianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka Msumbiji. Silaha inayovushwa kwa mtumbwi, au kwa njia za panya pembeni ya Daraja la Umoja kule Mtambaswala, inaweza kuwa imeua watu kabla hujaishika, na atakayekutwa nayo ataulizwa maswali ambayo hayahusiani tena na leseni tu. Nyingi ya silaha hizo ni za kivita, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania imo, inazuia raia kumiliki bunduki zinazojipiga mfululizo. Hakuna ofisi itakayokuandikisha silaha hiyo kwa ada yoyote. Aliyekuletea habari hiyo anajua hivyo, na anayejua hivyo akaendelea kukushawishi hakutakii mema.

Kuna tangazo la bastola kwenye kundi la WhatsApp. Linaaminika?

Haliaminiki. Facebook ilipiga marufuku watu binafsi kuuziana bunduki kwenye mitandao yake, pamoja na Instagram, tangu Januari 2016, na WhatsApp nayo hairuhusu biashara hiyo. Anayetangaza huko ama anataka utangulizi wako kisha afunge simu, ama anauza kitu kisichoweza kuuzwa mchana. Usimjibu hata kwa kuuliza bei. Meseji hiyo itabaki kwenye simu yako.

Vijana huniuliza pia kuhusu video za Marekani, ambamo watu wawili hukutana kwenye maegesho, wakabadilishana bunduki na fedha na kuagana. Kule sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inawataka wafanyabiashara wa silaha wawe na leseni, na Sheria ya Brady ya mwaka 1993 ikawalazimisha wafanyabiashara hao wahakikishe mnunuzi hana zuio. Mtu binafsi anayemuuzia mkazi wa jimbo lake hakubanwa na masharti hayo ya shirikisho, ingawa majimbo kadhaa, California mojawapo, yanataka hata mauzo hayo yapitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Ushauri wanaopeana wa kukutana mbele ya kituo cha polisi ni wa busara kwao. Kwetu kituo ndipo muamala wenyewe unapofanyika, ndani, mbele ya daftari.

Nataka kununua kwa sababu ya tembo na nguruwe wanaomaliza shamba. Unanishauri ninunue?

Kwa tembo, sikushauri. Wakulima wa Liwale na Nachingwea walio upande wa Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wanateseka kweli, na sisemi haya kwa kudharau hasara ya usiku mmoja inayoweza kula chakula cha mwaka. Lakini shotigani haimwangushi tembo. Inamjeruhi, naye aliyejeruhiwa hurudi na hasira au humkuta mama aliyekwenda kuchota maji. Leseni ya kumiliki bunduki, kwa upande mwingine, si kibali cha kuwinda. Wanyama wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kibali chake ni kingine. Toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au kwa askari wa wanyamapori, na mjaribu kwa pamoja uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, ambao umewasaidia wakulima wengi pale unapotunzwa.

Kwa nguruwe na nyani jibu langu ni laini kidogo, ila jiulize kwanza kama una nyumba yenye ukuta na kabati la chuma, na kama watoto wako watalala salama miezi tisa ambayo shambani hakuna kitu cha kulinda.

Shemeji yangu anataka kuiazima msimu wa korosho tu.

Kuazima ni kuhamisha silaha bila idhini, kwa muda mfupi. Mwambie hapana, na umsaidie kulinda ghala kwa njia nyingine.

Mnunuzi ameidhinishwa, lakini moyo wangu una shaka naye.

Idhini inampa ruhusa ya kununua, haikulazimishi kumuuzia. Ukimwona amebadilika tangu mlipoanza mazungumzo, anazungumzia mtu fulani kwa uchungu, ameachana na mkewe kwa vurugu, au anasema maneno ya mtu aliyechoka kuishi, simamisha. Rudisha utangulizi wake, mweleze afisa wa polisi anayeshughulikia faili kile ulichokiona, na kama ni mtu aliyekata tamaa, mpeleke kwa watu wanaompenda na hospitalini kabla ya jambo lingine lolote. Fedha utapata kwa mwingine.

Bunduki imeibiwa kabla ya makabidhiano. Nifanyeje?

Toa taarifa polisi siku hiyohiyo, ukiwa na leseni au nakala yake, namba ya silaha na idadi ya risasi, na uchukue namba ya taarifa. Usianze kuitafuta mwenyewe kwa siri ili kuepuka aibu, kwa kuwa kila siku inayopita bila taarifa, silaha hiyo inatembea kwa jina lako.

Mauzo yamekamilika. Nibaki na kumbukumbu gani?

Baki na nakala ya idhini ya uhamisho, nakala ya mkataba, risiti ya malipo na hati ya makabidhiano iliyotiwa saini mbele ya polisi, ikiwa na namba ya silaha na tarehe. Leseni ya zamani irudishe kwa polisi, usiitunze. Nakala hizo ziweke pamoja na hati ya shamba na vyeti vya watoto, na mwoneshe mwenzako wa ndani zilipo.